Usawa Ulioandikwa Ukutani

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo hiki, ndugu Mtaalamu wetu wa tiba, ndugu wageni waalikwa mliokaa vitini, ndugu wakandaji mliosimama kando ya ukuta na taulo mabegani, nawe Shangazi, uliyekalishwa leo kwenye kiti cha mbele ambacho miaka yote ulikuwa unakipangusa tu: hamjambo.

Naomba mnivumilie. Wanaonijua wanajua kwamba mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Nina umri wa miaka kumi na saba, na mpaka leo nikitumwa dukani nikakuta foleni, narudi nyumbani nasema duka limefungwa. Darasani mwalimu akiniita jina, jibu ninalo, ila sauti hutangulia kukimbia. Ndiyo maana haya nimeyaandika.

Mheshimiwa Mkurugenzi, ni wewe uliyeniomba niseme kwa niaba ya familia katika hafla hii ya kumuaga Shangazi yangu, mkandaji wako wa siku nyingi kuliko wote. Juzi uliniita pale mapokezi, ukanishika bega, ukasema kwa upole, "Binti, sema mafupi na mazuri. Muhimu tu wageni wasikie kwamba shangazi yako amepumzika kwa hiari yake." Kisha ukaniambia kwamba nikimaliza mtihani, kiti cha mapokezi kinanisubiri, maana unahitaji mtu anayezijua lugha mbili. Nikajibu, "Sawa." Mimi kila mtu namjibu sawa. Lakini nilipotoka nje nikawa nayatafuna yale maneno, kwa hiari yake, kwa hiari yake, na yakawa hayamezeki. Sasa hivi, katika nyumba yetu hakuna mtu anayekwenda kazini. Kiti kile ndicho kingetulisha. Nalijua hilo, na Shangazi analijua, na wewe, Mheshimiwa, ulilijua uliponishika bega.

Kabla sijafika huko, niseme wazi kwamba sina ugomvi na Ayurveda, tiba hii ya asili ya Kihindi inayotolewa hapa. Nisije nikatoka hapa mkasema yule mtoto amekuja kutukana tiba. Mimi nimelelewa nayo. Haikuingia kwetu kwa kitabu. Iliingia kwa mikono ya Shangazi iliyorudi jioni inanukia mafuta ya ufuta. Alilosikia huku mchana, alitufundisha kule nyumbani. Ukiamka, maji ya uvuguvugu kabla ya kitu chochote. Ukwangue ulimi, uone jana ulikula nini. Tangawizi kidogo kabla ya chakula, kuliamsha tumbo. Ule umekaa, ule bila kukimbizwa, na usile ukiwa na hasira, kwa sababu ukila na hasira umekula hasira. Siku moja nilikaa mezani nimenuna kwa jambo la shule, akaivuta sahani yangu taratibu, akasema, "Huo mdomo uupeleke nje kwanza. Ukirudi peke yako, utakula."

Tiba hii inasema kila mwili una upepo, moto na maji, na afya ni vitatu hivyo kukaa pamoja bila kimoja kumkalia mwenzake kichwani. Shangazi aliponileta hapa nikiwa mdogo, ndugu Mtaalamu alinitazama macho, akanishika mkono, akasema, "Huyu upepo umemzidi." Tangu siku hiyo nyumbani nikaitwa Upepo. Kila asubuhi ya mtihani Shangazi alipasha mafuta, akaketi chini kwenye mkeka, akaniambia, "Upepo hautulizwi kwa kelele, mwanangu. Lete miguu." Akanisugua nyayo mpaka vidole vikaacha kucheza. Aibu haikupona, mnaiona wenyewe. Lakini niliingia kwenye chumba cha mtihani nikijua kuna mtu ameishika miguu yangu kama kitu cha thamani. Je, kuna dawa inayoweza zaidi ya hapo? Mimi sijaiona.

Basi niambieni, ndugu wageni: ilikuwaje mwanamke huyohuyo, aliyetufundisha kwamba moto wa tumbo huwaka jua likiwa utosini na kwamba mlo mkubwa ni wa saa sita mchana, yeye mwenyewe alikula alasiri, wima, kwenye chumba cha kufulia, sahani imewekwa juu ya mashine inayotikisika?

Ilikuwa hivi kwa sababu wageni wengi hupenda kukandwa kabla ya chakula cha mchana, na mgeni hangojeshwi. Saa sita inapofika, wengine wanakaa kwenye ukumbi ule unaotazama bustani, wanakula polepole kama walivyoelekezwa, na wengine bado wamelala vitandani, migongo inang'aa mafuta. Na juu ya kila mgongo kuna mkandaji ambaye hajala. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa kwenu, Mheshimiwa, mmetengeneza vizuri zaidi: mgeni anapona, mwenyeji anaugua.

Shangazi aliugua tumbo. Lilikuwa linamuunguza, analibonyeza kwa ngumi, halafu anacheka. Nikimwambia aende hospitali, ananijibu, "Ah, huu ni mwili wa moto tu. Hata Mtaalamu alisema." Na ni kweli alisema. Ndugu Mtaalamu ni mtu makini, nimsifu kwa haki yake. Mgeni akifika anamuuliza amekula nini, amekula saa ngapi, amelala vipi, amekasirikiwa na nani, mpaka ulimi anaomba autazame. Shangazi amefanya kazi naye mlango kwa mlango, na swali la saa ya kula halikuwahi kuvuka ule ukuta. Ulimi wake pia haukutazamwa. Labda ni kwa sababu kila alipoufungua mdomo ilikuwa ni kusema "naam."

Sasa niseme habari ya ukuta mwingine, ule wa ukumbi wa chakula, kwa kuwa mmeuona umepakwa rangi upya na hamjui kwa nini.

Likizo iliyopita, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, Mheshimiwa Mkurugenzi alitaka ukuta wa ukumbi wa chakula uandikwe maneno ya Kiswahili, yatafsiriwe kutoka lugha ile nyingine tunayofundishiwa shuleni. Akaniita mimi, kwa vile mimi ni wa bure na sibishi. Sentensi ilikuwa fupi, yenye neno moja gumu. Nikafungua kamusi, nikakuta "mizani." Nikaiwaza mizani nikaiona ile ya kwenye bucha, yenye damu. Nikaona aibu kuwaambia watu wapime miili yao kama nyama. Nikakumbuka somo la hesabu, pande mbili zinapolingana mwalimu husema kuna usawa. Basi nikaandika: "Kila mwili una haki ya usawa: ule kwa wakati wake, upumzike kwa wakati wake." Fundi akaichora kwa rangi ya kijani, herufi kubwa, ikapendeza. Wengine walikuja kusema nilikuwa mjanja, nilitega. Jamani, mtu anayekimbia foleni ya dukani ana ujanja gani?

Wageni wakaisoma wakaona ni habari ya afya. Wakandaji wakaisoma wakaona ni habari yao. Shangazi alinisimulia jinsi rafiki yake, mkandaji mmoja wanayemwita Kengele kwa ajili ya sauti yake, alivyoingia kwenye chumba cha kufulia siku ile.

"Nyie mnakunja mashuka tu, ukuta mmeusoma?"

"Ukuta una nini?"

"Una haki! Kila mwili, imeandikwa. Haikuandikwa kila mgeni."

"Hiyo ni mambo ya upepo na maji, wewe."

"Mimi mwili sina? Haya, nipe jina la hiki ninachokibeba kuja kazini kila siku."

Wakacheka mpaka mmoja akakalia kapu la taulo. Shangazi akasema tu, "Kaandika mtoto wa kaka yangu." Aliniambia alilisema hilo kwa majivuno. Hakuniambia kwamba kesho yake ilipofika saa sita angenawa mafuta mikononi, atoke chumba cha kukandia, aende ukumbini, avute kiti chini ya maneno yale na aanze kula. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Hawakupiga kelele wala kuvunja kitu. Walikaa wakala, kama ukuta ulivyosema. Kule vyumbani mgeni mmoja aliyeachwa na mafuta mgongoni akawa anaita, "Haloo? Kuna mtu? Upande wa pili bado!"

Mheshimiwa, ulikuja ukauliza, "Nani kawapa ruhusa?" Shangazi alikuwa na chakula mdomoni, na anajua si adabu kusema na chakula mdomoni. Akanyoosha kidole juu. Ukatazama juu. Akameza, akasema, "Ukuta, bosi."

Najua mnacheka. Na sisi tulicheka, siku moja.

Siku iliyofuata ukuta ulipakwa rangi, na leo unasomeka mizani. Ukaniita ukanieleza bila hasira kwamba nilikosea neno, kwamba lile lilihusu mambo ya ndani ya mwili, halikuhusu mambo ya watu na watu. Nikajibu, "Sawa." Nimekuwa nikiliwaza jibu hilo tangu siku ile. Sawa na usawa ni ndugu wa tumbo moja. Kila mfanyakazi wa hapa anaruhusiwa kusema la kwanza kutwa nzima, na la pili likitajwa mara moja linatafutiwa ndoo ya rangi.

Kisha ukamwita Shangazi. Ukamwambia kwamba mwili wake wa moto umechoka, kwamba kituo kinamjali, na kwamba mmeamua kumpumzisha. Tazameni neno hilo lilivyo laini! Alirudi nyumbani, akakaa kitandani akasema, "Wamenipumzisha," kama mtu anayejaribu nguo ya mwenzake. Asubuhi yake aliamka kama kawaida. Akachemsha maji, akavaa viatu, akachukua mkoba, akafika mlangoni, na pale mlangoni ndipo akakumbuka. Nilikuwa nyuma yake nataka kupita niende shule. Hakugeuka. Nami sikumgusa, kwa maana sikujua mahali pa kumgusa mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kugusa wengine.

Jana nilimwambia Shangazi uliyoniomba, Mheshimiwa. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Yaseme. Hiari ni neno tu, halitoboi mfuko. Mimi nimeshatoka, wewe ingia." Nikamuuliza, "Na wakiuliza kama ni kweli?" Akasema, "Nani auulize ukweli kwenye sherehe? Soma, kaa, kula keki." Huyu ndiye niliyeagizwa nimsemee. Yuko tayari kulivaa neno lisilo lake ili mimi nipate kiti. Shangazi, najua sasa hivi umenikunjia uso. Kunja tu. Nimekutii katika mambo mengi, na mengi yamenifaa.

Ndugu wageni waalikwa, Shangazi yangu hakupumzika kwa hiari yake. Hakuomba kupumzika. Aliomba kula mchana.

Hilo ndilo lote. Angepewa nusu saa ile pale ukumbini, au hata kulekule kwenye chumba cha kufulia lakini amekaa, leo pasingekuwa na keki, wala saa ya ukutani iliyofungwa utepe, wala hotuba. Kungekuwa na mwanamke anakanda migongo yenu kwa mikono ambayo nyote mmesimama kuisifu, akiwa ameshiba. Mmemwita mama wa uponyaji, mmesema hana mfano. Mambo hayo ni ya kweli kabisa, na yalikuwa ya kweli pia siku ile alipovuta kiti.

Mheshimiwa Mkurugenzi, nashukuru kwa kazi uliyoniahidi. Mpe mwingine. Sisemi hivi kwa ushujaa; kesho nitajuta, na keshokutwa nitajuta zaidi tukiwa jikoni tunatazamana. Lakini nikikaa pale mapokezi nitakuwa mtu wa kwanza kumkaribisha mgeni na kumweleza faida za kula kwa wakati, na sitaweza kuitamka sentensi hiyo mpaka mwisho.

Nanyi mnaokuja kutibiwa, sitawaambia msije. Njooni. Mafuta ni mazuri, mafundisho ni mazuri, na mikono ya hawa mama ni mizuri zaidi. Nina ombi dogo tu. Siku mtakapokuwa mmelala pale kifudifudi, chumba kimya, mkasikia tumbo linanguruma, msione haya mkadhani ni lenu. Sikilizeni vizuri linatokea wapi. Halafu mgeuke, mumuulize aliyesimama juu yenu kama amekula, na akisema "sawa tu," mjue bado hajawajibu.

Kwa subira yenu na kwa masikio mliyonikopesha, mimi niliyekuwa siwezi kununua hata chumvi kwenye foleni, nawashukuru sana. Shangazi, nyanyuka. Twende zetu.