Mama Pini, Jina la Saba

Mama yetu, fundi cherehani ambaye wengi mlimwita Mama Pini kwa zile pini alizobana midomoni, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1973, mtoto wa tatu wa mwashi. Alimaliza darasa la saba mwaka 1988, kisha akajifunza kushona kwa shangazi yake.

Mwaka 1995 alifunga ndoa na baba yetu, mlinzi wa ghala, wakajaliwa watoto wanne. Gauni la harusi alilishona mwenyewe. Asubuhi ya siku yenyewe bado alikuwa akikunja pindo.

Alishona sare za shule kwa miaka ishirini na sita, chumba cha mbele, kando ya dirisha. Bima ya afya ya serikali ilipofika mtaani mwaka 2017, kaya tatu tu zilijiandikisha. Mama alimpima mtu kiuno huku akimuuliza kadi yake iko wapi. Asiyekuwa nayo, nguo yake ilichelewa. Mwaka uliofuata kaya zilifika arobaini.

Kadi moja ilibeba watu sita. Nasi tulikuwa sita, hadi mdogo wake Mama alipofariki na kumwachia binti mwenye pumu. Tarehe 4 Februari 2019 tulikwenda kuhuisha kadi. Mimi, mwanawe wa pili, ndiye niliyejaza fomu. Nafasi ilipobaki moja nikasimamisha kalamu.

"Andika mtoto," alisema. "Mimi kuumwa sina nafasi. Nina sare za watu."

Karani alicheka, na foleni nzima ikacheka. Nami nilicheka. Nikaandika.

Kwa kadi ile mtoto alilazwa mara nne, na mara nne akarudi nyumbani. Tunashukuru. Lakini aliyeamua kwamba familia huishia mtu wa sita hakupita kwetu kuuliza.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2022. Vidonge vya wiki moja alivinywa mwezi mzima, bila kumwambia mtu. Jumatatu tarehe 13 Mei 2024 alianguka kwenye cherehani. Alifariki kesho yake, saa nne asubuhi. Sindano tuliikuta bado imechoma kola.

Ameacha mume, watoto wanne na binti wa mdogo wake. Ni wale wale sita waliomo kwenye kadi.

Pumzika, Mama. Sare za watu tumezipeleka.