Mnyapara Aliyejipangia Zamu ya Shimoni

Tarehe 30 Novemba 1957, Mzee Nikodemo Chilumba, mnyapara mkuu wa kambi yetu ya mbao hapa Rondo, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Alianza mwaka 1928 akibandua magome ya magogo, akapanda kuwa mpasua mbao, na mwaka 1939 akakabidhiwa filimbi ya unyapara. Padre wa misheni amekwisha kutuandikia mara mbili kuomba filimbi hiyo isipulizwe wakati wa misa.

Mameneja watano wamepita hapa, kila mmoja na karatasi yake ya mistari ya kupangia watu na kazi. Mzee Nikodemo alizipokea zote kwa adabu, akazikunja, akazitia mfukoni, kisha akapanga watu kama alivyokusudia tangu jana yake. Alijua nani mgongo unamuuma na nani ana ugomvi nyumbani, kwa hiyo atawahi kazini. Klementi hakushikishwa shoka mwaka mzima. Kazi yake ilikuwa kuimba tu magogo yakivutwa, kwa kuwa akinyamaza yeye, watu kumi wanalegea. Meneja alipouliza huyu bwana anafanya kazi gani hasa, alijibiwa kwamba huyo ni winchi.

Hata hivyo wasifu usio na kosa hausomeki, na kosa la Mzee Nikodemo tunalikumbuka sote.

Mwaka 1948 tulitakiwa kupeleka mataruma elfu nne, yale magogo ya kulalia reli, kabla mvua hazijaifunga barabara ya Lindi. Meneja wa wakati huo alisema wazi: mzigo usipotimia, kambi itafungwa, na wa kwanza kuondoka ni mnyapara. Tulikuwa na misumeno sita ya watu wawili. Mmoja husimama juu ya gogo, mwenzake huingia shimoni chini yake, akila unga wa mbao kutwa nzima. Jozi iliyozidi zote ilikuwa Mikaeli na Kornelio, waliokuwa wamepasua pamoja miaka minane.

Mwezi wa kumi, mataruma elfu mbili yakiwa bado, Kornelio alimposa Stefania, binti wa Mikaeli. Na mshenga alikuwa nani? Mzee Nikodemo mwenyewe! Alikwenda na kurudi mara tatu, akasifia, akabembeleza, akafanikiwa. Harusi ilifungwa Jumamosi, na aliyecheza kuliko wote ni yeye.

Jumatatu asubuhi msumeno wao ukalala. Wale wawili walisimama kando ya shimo, kila mmoja akitazama miti. Ijumaa tu walikuwa marafiki. Sasa ni mtu na mkwewe, na heshima ya ukwe mnaijua. Kornelio hawezi kusimama juu ya kichwa cha baba mkwe. Mikaeli akamwambia kwa upole, "Basi ingia chini wewe, mwanangu." Kornelio, akikumbuka vikoi tulivyokuwa tukivaa kazini, akajibu, "Baba, nikiwa shimoni macho nitayaweka wapi?"

Meneja alidhani ni mgomo. Mimi karani wake nilijaribu kumweleza mambo ya ukwe, akaniuliza kama nina homa.

Mzee Nikodemo aliketi juu ya gogo akapiga hesabu. Kubadilishana na jozi nyingine ni kuharibu misumeno miwili badala ya mmoja. Kuleta mpasuaji mgeni kutoka Mitole ni kumfundisha hadi mvua zinyeshe. Akavua koti, akamvisha Mikaeli filimbi shingoni, akaingia shimoni mwenyewe chini ya Kornelio, naye wakati huo ana miaka arobaini na minane na tumbo la unyapara.

Siku arobaini na moja alikaa humo. Mikaeli, ambaye hakuwahi kuamuru hata kuku, aliipenda filimbi ile mno. Hakuweza kukaribia shimo la mkwewe, kwa hiyo alisimamia kutoka mbali, na kila Mzee Nikodemo aliponyoosha mgongo, ilipulizwa. Jioni Mzee Nikodemo alitoka mweupe kuanzia nywele hadi kope, akikohoa unga, na mkewe Romana akakataa asiingie ndani bila kukung'utwa. Taruma la elfu nne lilipakiwa tarehe 27 Novemba. Mvua ilinyesha keshokutwa yake.

Sasa, Mzee wangu, nina jambo moja la kukiri, na ninalikiri kwa maandishi ili usinikatishe. Jumatatu ile ile Meneja aliniagiza niipige chapa barua ya kukuachisha kazi. Nilimwambia utepe wa mashine umekwisha, na mwingine hautatoka Dar es Salaam kabla ya wiki sita. Utepe ulikuwapo. Nilikuwa nimeukalia. Kila asubuhi kwa siku arobaini na moja aliniuliza, na kila asubuhi nilimjibu uongo, huku nikisikiliza msumeno wako na kuomba usisimame. Sijawahi kuogopa vile, na sijawahi kumpenda mtu wa kazini vile.

Asante kwa yote, Mzee Nikodemo. Mungu akujalie afya, usingizi mrefu na shamba lisilo na nguruwe, wewe na Mama Romana.

Petro Mandawa, karani