Firigisi ya Blanchard

Ku kona ya mutaa ya Bigo, mbele ya mulango yangu, kuko benchi moja yenye inavumilia mingi. Mimi njo Mama Emerance, ninauzisha kahawa, na masikio yangu inachoka mbele birika haijaisha. Tangu bunduki zilipunguza kelele, tunakaa hapa wote, batu ba hapa Bunia na bale balikimbia vita ya Djugu, tunachekana na tunachungana. Asubuhi ile balikuwa batatu. Papa Anaclet, tunamuita Tribunal, maana anakata kesi zenye hakuna mutu alimuletea. Constant, tunamuita Docteur, anauzisha dawa ya minyoo. Na Mumbere, tunamuita Kilo: alipima dhahabu kule Mongbwalu mpaka sasa anataka kupima kila kitu.

Docteur njo alianzisha.

— Ku hôpital kuko mwanafunzi mumoja, anapima vile ugonjwa ya taya inaharibu maisha ya batu.

Kilo: — Anapima na nini? Mizani?

Docteur: — Na maulizo.

Kilo: — Maulizo haina uzito! Banasemaka haba na haba hujaza kibaba. Mateso uitie mu kibaba, upime, basi!

— Ile methali ni ya kuweka akiba, Kilo, nikamuambia.

— Akiba ya mateso, Mama!

Tribunal akakohoa. Akikohoa vile, ujue hukumu inakuja.

— Taya ni ya kutafuna. Mutu akikatala kutafuna, ile haiko ugonjwa, ni kiburi. Muangalie Blanchard.

Ee, turudilie tena ile maneno! Blanchard alikimbia vita ya Djugu na batoto bake, akakaa nasi ku benchi hii kama mutu ya nyumba. Siku bakwe ba Tribunal balikuja kuposa binti yake, Tribunal alichinja kuku, akamupatia Blanchard firigisi, kipande ya heshima, mbele ya wote. Blanchard akaitia mu kinywa, akaitosha inje, akaiweka pembeni ya sahani. Bakwe bakaangaliana.

Tribunal: — Mugeni siku mbili, ya tatu umupatie jembe. Mimi nilimupatia firigisi! Na yeye akaiona sumu.

Docteur: — Kwa nini aiogope? Vita ilimalizika, lakini mu roho yake haikumalizika.

Kilo: — Hata kahawa alikuwa anakunywa kwa pembeni ya mudomo. Mimi nilimuona. Alikuwa anaitema!

Docteur: — Tena alikuwa hacheki. Mutu mwenye hacheki anashika majina. Siku vita inarudi, yeye njo anaonyesha nyumba zetu.

Tribunal: — Njo maana nilimukatalia mukono ya salamu.

Kilo: — Siye wote tulimukatalia. Akajiondokea ku benchi mwenyewe. Dawa ya moto ni moto!

Hapo mwanamuke kijana, amevaa blouse nyeupe ya ku hôpital, akasimama mbele yetu.

— Jambo bapapa, jambo mama. Mimi ni Débora, ninatoka ku hôpital. Hapa njo kwa bandugu ba Papa Blanchard?

— Bandugu ba nani? Tribunal akauliza.

— Ba Papa Blanchard. Ninafanya kazi ya masomo juu ya ugonjwa ya taya. Yake, kiungo ya taya imeharibika. Tangu vita anasaga meno mu usingizi, na sasa kinywa haifunguke kupita kidole moja. Kutafuna nyama, kucheka, hata kupiga mwayo, yote inamuumiza.

Kilo akaweka kikombe chini, polepole. Docteur, na dawa zake zote mu kikapo, akaanza kuangalia viatu vyake.

Tribunal: — Kwa nini hakutuambia?

— Alisikia haya, Papa. Kutosha chakula inje ya kinywa mbele ya bakwe ba mutu! Alisema alingoja mumoja wenu amuulize.

Sauti ya Tribunal ikawa ndogo.

— Na weye, nani alikutuma kwetu?

— Yeye mwenyewe. Kusema mingi kunamuumiza, njo akaniambia: «Uende ku benchi ya Bigo, bale ni bandugu yangu, batakuelezea maisha yangu yote.» Sitawachelewesha. Munisaidie na ulizo moja tu: siku hizi anakulaka nini?

Kilo akaangalia Docteur. Docteur akaniangalia mimi. Nikajifanya nachochea moto, na uso wangu ulikuwa unawaka kuliko makala ya jiko.

— Uji… labda, Kilo akasema.

— Labda, Papa?

Tribunal akafungua kinywa. Ikafunguka muzuri, yote, bila maumivu hata kidogo. Débora alikuwa angali anangojea jibu.