Msinivushe Daraja

Sogeeni karibu, wanangu, na huyo mwenye simu aizime, maana nitakayoyasema leo sitayarudia, pumzi yenyewe naivuta kwa kuibembeleza. Kifungua mimba wangu, keti hapa kichwani pa kitanda. Na wewe mdogo wake, mpambe wa mheshimiwa, usijifiche nyuma ya mlango. Mengi ya maneno haya ni yako.

Nyumba hii ni yenu nyote watatu na haiuzwi. Kiti changu cha kinyozi na kile kioo kilichopasuka pembeni apewe kitinda mimba, ambaye ndiye pekee aliyekubali kushika mashine badala ya kunicheka. Ugomvi wangu na jirani nimeumaliza jana. Alikuja, tukalia, tukacheka, yakaisha. Limebaki moja, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mama yenu amelala ng'ambo ya daraja, na nafasi iliyo ubavuni pake nimeipalilia mwenyewe kila nilipokwenda kumtembelea. Mjue hilo, ndipo muuelewe uchungu wa ninachowaambia: msinivushe. Nizikeni hapa uani, nyuma ya jiko.

Nimenyoa watu maisha yangu yote mbele ya daraja lile, nikaliona likipakwa rangi kila uchaguzi ukikaribia na kusahauliwa kura zikishahesabiwa, huku vyuma vikiliwa na kutu chini ya hiyo rangi. Tulilalamika mpaka tukachoka kusikia sauti zetu wenyewe. Mheshimiwa mbunge wetu alikaa kwenye kiti changu, povu kidevuni, akaniambia, "Mzee wangu, hilo daraja niachie mimi." Tukamwachia, naye akaliacha. Basi tukajifunza kuishi nalo: unagonga chuma cha pembeni, wa upande wa pili akisikia anasubiri, unavuka peke yako, mzigo mzito unaurudia. Hata watoto wa shule wanajua, na mlio wa kile chuma naupata mpaka hapa kitandani.

Lakini kwenye msiba tunasahau yote. Hapa kwetu kila mtu anataka kutia bega, mnapokezana, mnasukumana, mnajibana pale pale lilipo jeneza, na hakuna anayethubutu kusema tusubiriane, ataonekana hana huruma. Siku tuliyomzika mkunga nilibaki nyuma kwa sababu ya magoti yangu, nikaliona daraja likibonyea katikati kama kitanda cha kamba, kipande cha zege kikaangukia mtoni. Watu walikuwa wanaimba, hawakusikia kitu. Nilipowaambia, wakasema mzee anatia chumvi, na baada ya muda ikaletwa rangi nyingine.

Sasa wewe mpambe, nimekusikia ukinong'ona hapo dirishani. Baba yako hajakata roho, umeshamwalika mheshimiwa na magari yake na wapiga picha, aje anibebe mpaka ng'ambo. Unadhani unanipa heshima. Nakupenda, mwanangu, na leo nakuogopa. Mtaa mzima utafuata jeneza langu, dada yako atakuwa mbele na wajukuu zangu mkononi. Mpigie umwambie mzee amekataa. Akitaka kunizika, aje na mafundi, maua abaki nayo.

Nipeni maji kidogo... Inatosha.

Uani hapo pachimbwe mbali na bomba, lisije likapasuka, nalo hatuna wa kulitengeneza. Msigombane. Atakayeulizwa kwa nini sikulala na mke wangu, ajibu kwamba niliogopa, asione haya. Mama yenu atanielewa, alikuwa mwepesi wa kusamehe kuliko mimi. Radhi zangu nawapa nyote, na wewe mpambe, wewe hasa... Mungu awafunike... awatangulie mnapo...

Ngoja. Nyamazeni. Mnasikia?

Chuma cha daraja kinalia mfululizo, na huo si mlio wa kugongwa. Nani amewapelekea watu wa ng'ambo habari kwamba nimezidiwa? Wanakuja kuniaga. Wanakuja wote kwa pamoja. Niachie mkono, mpambe wangu, mimi siendi popote kabla hujarudi. Kimbia, una sauti ya jukwaani, kimbia uwaambie mzee bado yupo... wasikimbilie... mmoja mmoja... waambie, mmoja...