Madirisha Mapya ya Kiwanda cha Nyuzi

Benchi limeegemea ukuta wa kibanda cha dobi, na ukikaa pale huna pa kutazama ila kiwanda cha nyuzi kilicho ng'ambo ya barabara: matofali mekundu, dohani ndefu, na paa linalopanda na kushuka kama meno ya msumeno. Kilifungwa zamani. Juzijuzi kimefunguliwa tena, safari hii kikiwa maduka. Asubuhi ile Shangazi Birika alipomimina kahawa, ubishi ulikuwa umeshapamba moto. Spana peke yake ndiye aliyenyamaza. Aliumaliza ujana wake mle ndani akiwa fundi wa mitambo, na siku maduka yalipofunguliwa aliapa hatakanyaga.

— Hebu niambieni, Dobi alianza. Mtu una hela ya kujenga jengo jipya, dohani unaibakiza ya nini? Moto hakuna, moshi hakuna.

— Ile si dohani tena, akasema Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimiki. Inanasa simu zetu. Ukimpigia mkeo, wao wanajua leo mnapika nini.

— Acha uzushi!

— Uzushi? Na lile paa je? Yale meno yanachana mawingu. Ndiyo maana mvua inatupita mtaa huu.

— Inakupita wewe, inaogopa kuchafuka, akasema Shangazi Birika.

Wakacheka. Dobi hakukubali kuachwa nyuma.

— Mimi nasikia chini kuna mtambo umezikwa mzima mzima. Ndiyo maana hawakuthubutu kubomoa. Ukiamka ule, zamu zinaanza upya. Hata marehemu wataitwa kazini!

Kicheko kikakatika. Mke wa Spana alikuwa msokotaji mle ndani, na kifua ndicho kilichomwondoa.

— Samahani, kaka, Dobi akasema. Ulimi umeteleza.

Spana alikizungusha kikombe chake.

— Nimeingia jana, akasema.

— Umeingia wapi?

— Humo. Binti yangu alitaka nimsindikize kununua viatu vya harusi. Ningekataa vipi, na mama yake hayupo?

Spana akanywa funda moja, akaendelea.

— Nguzo ni zilezile, ila wamezipaka rangi nyeusi. Vioo vya paa navyo ni vilevile. Mwanga bado unashuka taratibu, hauumizi macho. Pale alipokuwa akisimama mama yake wamepanga viatu. Na ukutani wametoboa madirisha. Makubwa, yanafunguka. Upepo unaingia mpaka vitambaa vinapepea.

Shangazi Birika aliitua birika chini. Mtaa mzima uliijua habari hiyo. Wasokotaji waliomba madirisha mpaka midomo ikawakauka. Wakubwa walisema hewa lazima ibaki na unyevu, la sivyo nyuzi zitakatika. Watu walipozidi kulalamika, akaletwa mhandisi, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema huo ndio uliobeba paa. Ukiutoboa, jengo lote chini. Jioni ile mke wa Spana alirudi nyumbani na pamba kwenye nyusi, akakohoa, akasema, "Basi, mume wangu, bora vumbi kuliko paa kutuangukia."

— Wameutoboa, Spana akasema. Na paa liko palepale.

— Vyuma vya siku hizi vina nguvu, Redio akajaribu. Labda utaalamu mpya…

— Wameweka boriti ya chuma juu ya kila dirisha, Redio. Basi. Boriti kama hizo tulikuwa nazo stoo, zinaota kutu, tunazikalia wakati wa chai.



— Shemeji alikuwa mvumilivu, Dobi akasema kwa sauti ya chini.

— Binti alikaa pale chini ya dirisha akavaa vile viatu. Akanitazama. "Baba, mbona unalia? Havijanipendeza?" Nikamwambia vimekupendeza sana, mwanangu. Tukalipa, tukatoka.

Hapo alikuwa amefika msichana mmoja, kavaa fulana ya duka la viatu, ametoroka kidogo kufuata kahawa. Alikuwa mgeni mtaani.

— Shikamooni. Samahani, nimesikia bila kukusudia. Ina maana zamani mle ndani hakukuwa na dirisha hata moja?

— Marahaba, binti. La kufunguka, hata moja, akasema Spana.

Msichana aligeuka akalitazama jengo, kisha akawatazama wao.

— Sasa mlikuwa mnapumua vipi?

Dobi alimtazama Redio. Redio aliinamia viatu vyake. Shangazi Birika akageuka pembeni akajifuta uso kwa upindo wa kanga.  Spana akajisogeza mwisho wa benchi, akalifuta vumbi kwa kiganja, akampisha yule binti akae.