Kasuku Hakuwa Mhitimu Wenu

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi, fundi cherehani, ni dada mkubwa wa marehemu. Chuo kikuu kilituletea aya yake tuichape kwenye ratiba hii, ikimwita marehemu "mhitimu wetu mashuhuri". Nimeitoa. Nitasoma wasifu niliouandika mwenyewe, na nikipandisha sauti mnivumilie, maana nina hasira na sioni sababu ya kuificha mbele ya jeneza la mdogo wangu.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Machi 1981, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mtunza ghala na mama muuguzi. Alichelewa kusema mpaka tukaingiwa na hofu. Alipoanza, alianza kwa kuwaiga majirani, kila mmoja kwa sauti yake na kikohozi chake, ndipo baba akamwita Kasuku. Mgeni akishatoka tu, maneno yake yanarudiwa yote, na mama anamkemea huku amegeukia ukutani asionekane anacheka.

Alisoma shule ya msingi jirani na kiwanda kuanzia 1988 hadi 1994, kisha sekondari ya bweni hadi mwaka 2000. Oktoba 2001 aliingia chuo kikuu kusomea ualimu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: chuo ndicho kilichompa kazi yake. Mwaka wa kwanza, mhadhiri wa saikolojia ya vijana, mama mmoja mkali mwenye miwani minene, aliwatuma wakakae na wanafunzi kumi na wawili wa sekondari muhula mzima, waandike wanayoyasema bila kusahihisha wala kuhubiri. Wenzake walinung'unika kwamba wanatumwa kusikiliza umbea. Mdogo wangu alijaza madaftari sita. Riwaya zake zote saba za vijana zilizaliwa hivyo hivyo. Alikaa nyuma ya darasa miezi mitatu, akaandika, akarudi kuwasomea, na pale walipoanza kujikuna na kuchungulia dirishani alipafuta.

Mwaka wa tatu aliandika riwaya ya kwanza. Ndani yake yumo mhadhiri asiye na jina, anayezuia alama za wasichana mpaka wazifuate nyumbani kwake. Nakala zilizunguka mabwenini mpaka zikachanika. Mei 2004, mhadhiri wake wa somo la mitaala alimshtaki kwenye kamati ya nidhamu. Yaliyosemwa mle tuliyasikia jikoni kwetu, Kasuku akiyatoa kwa sauti zao wenyewe.

"Huyu mtu wa ukurasa wa arobaini ni mimi!"

"Umejuaje, Daktari?" mwenyekiti akamuuliza. "Mbona hana jina?"

"Geti la kijani ni la kwangu! Na hayo maneno ya pale kwenye kochi, nani mwingine anayasema?"

Kamati nzima ikainamia makaratasi. Mtu kajivua nguo hadharani kwa mikono yake mwenyewe, na bado wakamfukuza aliyeandika! Barua ya tarehe 14 Mei 2004 ninayo hapa: "utovu wa nidhamu na kuchafua jina la chuo." Zilikuwa zimebaki wiki tano amalize, na mama alishanunua viatu vya mahafali. Baba alimwambia, "Mwanangu, umewagusa penyewe," kisha akakaa siku mbili bila kula.

Bila shahada, hakuna shule iliyomwajiri. Alifundisha tuisheni na kusahihisha miswada ya watu. Riwaya ile ilichapwa mwaka 2008 na mpiga chapa mmoja aliyesimamisha mashine katikati ya kazi, wenye kadi za harusi wakimgombeza, kwa sababu alitaka kwanza kujua kama msichana wa kitabuni atanusurika. Yeye na marehemu walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 2009, wakajaliwa binti na mvulana. Vitabu vilienea mpaka chuo kikaviingiza kwenye masomo yake na kutundika picha ya marehemu ukumbini. Aliwaandikia barua nne akiomba kosa lile lifutwe kwenye faili lake. Hawakujibu hata moja.

"Dada, picha yangu wanaitaka, mwenyewe ndiye hawanitaki," aliniambia, akacheka. Mimi sikucheka.

Novemba 2022 alianza kuugua figo. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na hata pale alikuwa na daftari, akiwasikiliza wauguzi. Julai mwaka huu msichana wa mwaka wa pili alimwandikia kwamba mhadhiri yule yule, siku hizi profesa, bado anawaita wasichana nyumbani kwake. Barua ile ilimuuma kuliko sindano. Alinishika mkono akasema, "Msinidaie shahada mimi. Mtoeni yule mtu." Alifariki Jumatano, tarehe 21 Agosti 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mumewe akiwa pembeni yake.

Leo asubuhi nilimuuliza mwakilishi wa chuo, aliyeketi safu ya mbele na shada lake, kama malalamiko ya msichana huyo yamewafikia. Amesema yamefika ila yanahitaji kikao. Miaka ishirini hamjapata nafasi ya kukaa kikao kimoja? Mnafundisha watu kuandika tasnifu, nyinyi wenyewe barua ya mistari mitatu imewashinda!

Baba alishatangulia; marehemu ameacha mama, mume, binti wa miaka kumi na mitatu, mvulana wa miaka kumi, na mimi dada yake. Ameacha pia profesa mmoja, mzima wa afya, ambaye keshokutwa Jumatatu saa mbili asubuhi ana kipindi na wasichana wa mwaka wa kwanza. Mimi na shemeji yangu tutakuwa mlangoni pa darasa hilo kabla yake. Msichana aliyeandika barua yupo hapa kati yenu, na ameniruhusu niseme kwamba atasimama nasi. Anayetaka kuja, aje.

Kasuku, mdogo wangu, pumzika kwa amani. Sisi tutapumzika yule mtu akishatoka.