Majisifu ya Ouko

Basi la kutoka Kisumu lilipokuwa likipanda kuelekea Kisii, Akong'o alimweleza Gesare, mama aliyekutana naye kitini, habari za mumewe Ouko aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Nairobi.

"Daktari anasema amezidi. Akiulizwa jina, hujiita Fahali Aliyemtisha Kiboko, Mume wa Mrembo."

"Mrembo ndiwe?" Gesare alicheka. "Kweli amezidi!"

"Wee! Sisi Wajaluo tukifurahi hujisifu hivyo. Tangu tuhamie huku kwenu Kisii hakuwahi kujisifu hata mara moja. Juzi nilipomtembelea hospitalini alijisifu, kisha akanyamaza akingoja nimpigie kigelegele. Mlinzi akanikataza."

"Tumwombee, dada. Mungu anamsikia."

"Namwombea. Lakini nilimwacha bado anangoja."

Basi likasimama Nyakoe, Akong'o akashuka.